Kijijini kwenu watu wanaweka au wanatoa tu? Miaka 13 ya uwakala imenifundisha kuangalia ajira kwenye droo

Droo Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Mimi ni wakala wa hela za simu, kijiji kimoja wilaya ya Kongwa, kutoka Kibaigwa ni kama kilomita 20 na kitu, barabara ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Nilianza 2012 na laini moja na mtaji wa laki 3, nusu yake ilikuwa hela ya mbuzi wa mama (nilishamlipa, asije akapita humu). Sahivi nna laini nne na fremu ya matofali ya kuchoma. Kila siku kwenye redio nasikia wataalamu wanasema huduma za fedha za kidijitali zinaleta ajira nje ya kilimo vijijini, fursa kwa vijana, sijui nini na nini. Mi sio mtaalamu ila nimekaa nyuma ya hiyo kaunta miaka 13, kwahiyo leo nasema nilichokiona na nyie mniambie kwenu ikoje.

Kwanza kuna kitu wateja wengi hawakijui. Wakala anaishi na vitu viwili, floti iliyo kwenye simu na keshi iliyo kwenye droo. Mtu akija kutoa, keshi inaondoka kwangu floti inaingia. Akija kuweka inakuwa kinyume. Ni kama ndoo mbili za kisima cha kamba, moja ikipanda nyingine inashuka. Wakala wa mjini mara nyingi analia floti maana watu wanaweka mno. Wa kijijini analia keshi. 2012, 2013 kwangu ilikuwa ni kutoa, kutoa, kutoa. Mtoto yuko Dar kwenye saidia fundi, katuma elfu 20, mama kaja na kitochi kimefungwa raba, anatoa yote mpaka ya mwisho. Kumi wakija kutoa, mmoja ndo anakuja kuweka, na huyo mmoja ni mwalimu. Saa nne asubuhi droo nyeupe, simu imejaa floti isiyo na kazi, nafunga fremu naazima pikipiki naenda Kibaigwa kugeuza floti iwe keshi. Mara nne kwa wiki. Mafuta yalikuwa yanakula kamisheni mpaka nikawa najiuliza hivi namfanyia kazi nani, mtandao au sheli.

Maana yake ilikuwa nini? Kijiji hakikuwa na cha kuuza cha siku hadi siku. Hela inatoka mjini, inatua kwangu, mama anaenda kununua sukari, mwenye duka anaipeleka Kibaigwa kufuata mzigo, imeondoka. Ilikuwa inapita kijijini kama basi la mkoani, inashusha abiria mmoja inaendelea na safari.

Sasa kuanzia kama 2017 nikaona watu wa kuweka wanaongezeka. Nikaanza kuandika kwenye daftari, kushoto kuweka kulia kutoa, siandiki hela naandika vichwa. Mwezi wa saba uliopita kwa kila kumi waliotoa walikuwepo karibu sita walioweka. Na ukiwaangalia hao sita sio watu wa jembe. Ni jamaa wa mashine ya kukamua alizeti, dada wa saluni, fundi wa kuchomelea, vijana wa bodaboda, kinyozi mwenye sola na mama mmoja wa mitumba. Ndo nikapata kipimo changu, kijiji chenye kazi kinaweka, kijiji kisicho na kazi kinatoa tu.

Niwape mfano wa huyo mama wa mitumba maana nimemuona kwa karibu. Zamani alikuwa anauza karanga za kuchemsha, akipata mtaji kidogo anaenda Dodoma mwenyewe kuchukua nguo. Hiyo ni siku mbili, nauli kwenda na kurudi, kulala kwa ndugu ambaye nae lazima umpelekee unga, na kama ni msimu wa palizi basi shamba linamsubiri na majani hayasubiri. Kwahiyo alikuwa anaenda mara moja kwa miezi miwili. Sahivi anakuja kwangu saa kumi na moja jioni, anaweka elfu 60, anamtumia dada wa Dodoma pale pale kaunta, dada anampigia wanachagua kwa picha kwenye simu ya binti yake, kesho saa nne furushi linashuka kwenye Noah barabarani. Yeye muda huo alikuwa shambani tangu alfajiri. Hajaacha kulima hata robo heka. Hiki kitu wataalamu wakisema ajira nje ya kilimo watu wanafikiri mtu katupa jembe, hapana, huku jembe liko nyuma ya mlango bado.

Bodaboda nao. Zamani mwenye pikipiki lazima awe pale pale amkamate kijana jioni amdai hesabu mkononi. Sasa hivi pikipiki tatu za hapa matajiri wake hawaishi hapa, mmoja ni nesi yuko Kondoa huko, hajawahi kuiona hata njia ambayo pikipiki yake inapita. Jumamosi jioni hesabu inasoma kwenye simu yake, isiposoma anapiga. Bila hela ya simu huyo nesi asingeinunua hiyo pikipiki aiweke kijijini kwa watu asiowaona, na yule kijana angekuwa anafyatua matofali.

Na ujenzi. Watoto walio mjini wanawajengea wazazi. Zamani hela ilikuwa inatumwa kwa mzee, na mzee ana marafiki, nyumba inaishia kwenye msingi miaka sita. Siku hizi saruji inalipwa moja kwa moja dukani kwa lipa namba (namba ya duka ya kupokelea malipo kwa simu), fundi analipwa kwa hatua, akifika kwenye lenta anapiga picha anatumiwa. Mafundi wawili wa hapa wana kazi mwaka mzima kwa mtindo huo. Wazee wamekasirika ila ndo hivyo.

Lakini sasa ndo kilichonifanya niandike. Njoo mwezi wa kwanza na wa pili. Daftari linarudi 2012. Kumi kwa mmoja. Saluni imefungwa, dada yuko palizi. Bodaboda wanapaki maana nani ana buku ya kupanda. Hesabu haisomi, nesi anapiga mpaka kwangu mimi. Mvua zetu ni msimu mmoja tu, zikiharibika kama miaka mingine hata mwezi wa saba haupandi. Kwahiyo hizi kazi tunazosema ziko nje ya kilimo mi naona ziko nje kama vile baraza iko nje ya nyumba. Nyumba ikianguka baraza utaikalia?

Naomba michango yenu. Kwenu wanaweka au wanatoa?

Siti ya Dirishani

Nimewahi siti. Uzi umeshiba huu.

Msomi Asiye na Ofisi

Mkuu Droo Kavu umeandika kitu ambacho watu wanaandikia tasnifu. Nikuongezee nyama. Kuna wachumi wawili, Tavneet Suri na William Jack, walifuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa kuangalia M-Pesa imefanya nini, matokeo yakatoka kwenye jarida la Science 2016. Makadirio yao ni kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, na wanawake 185,000 wakahama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara ndogo kama kazi yao kuu. Wanawake, sio wanaume. Yani mama yako wa mitumba yumo kwenye hesabu ile kama angekuwa Kenya.

Sababu kubwa sio mkopo. Mwanamke kwa mara ya kwanza ana mahali pa kuweka elfu tano ambapo shemeji haioni. Na likitokea la kutokea, mtoto kaugua, ndugu watano wanatuma elfu tano tano usiku ule ule, hauzi cherehani wala hauli mtaji. Biashara ndogo ya kijijini haifi kwa kukosa wateja peke yake, inakufa siku ya msiba.

Na kwetu huduma zimesambaa kweli, utafiti wa FinScope wa 2023 ulikuta asilimia 76 ya watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, 2017 ilikuwa 65. Kilichobeba zaidi ni simu, sio benki.

Kitochi cha Babu

Msomi usitulishe upande mmoja. Huo utafiti ulipingwa. Milford Bateman na wenzake 2019 waliandika wakasema wale hawakuhesabu biashara zinazokufa wala hawakuhesabu wale wanaosukumwa nje ya biashara na hao wapya wanaoingia. Mama akifungua genge la pili kwenye kijiji chenye wateja wa genge moja, wewe unahesabu ajira moja imezaliwa, mi nahesabu njaa imegawanywa kwa wawili. Na madeni je.

Huku kwetu kuna mtaa una mawakala saba. SABA. Wote wamekaa kwenye viti vya plastiki wanaangaliana. Hizo ni ajira?

Siti ya Dirishani

"njaa imegawanywa kwa wawili" 😂😂 daah Kitochi una roho mbaya

Droo Kavu

Kitochi unachosema nakiona kwa macho, sibishi. Saluni hapa zilifika nne 2022, zimebaki mbili, na moja ni ile ile ya kwanza. Kwenye daftari langu hizo mbili zilizokufa ziliwahi kuwa upande wa kuweka miezi mitano sita halafu majina yakahamia upande wa kutoa. Mtu wa utafiti angekuja kabla hazijafa angeandika saluni nne.

Ila tofauti ipo. Saluni zinagawana vichwa vile vile vya hapa hapa. Mashine ya alizeti haigawani na mtu, ile inaleta hela ambayo haikuwepo. Mafuta yananunuliwa na watu wa nje, mashudu yanafuatwa na wafugaji na madalali wa mbali, na pale kuna vijana wanne wanalipwa kwa siku kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Tangu ifunguliwe safari zangu za Kibaigwa zimeshuka kutoka nne mpaka moja kwa wiki, maana jioni jamaa analeta keshi yake anaweka, mi nailaza kwenye droo, asubuhi akina mama wanaitoa. Keshi ile ile ya kijiji inazunguka ndani ya kijiji. Mashine moja imefanya kazi ambayo saluni nne hazikufanya.

Na hiyo mashine haikuletwa na simu jamani. Ililetwa na umeme wa REA, ule wa vijijini, na kiinua mgongo cha jamaa. Simu ilikuja kuirahisishia kulipwa tu.

Binti Mlimba

Habari zenu kaka zangu. Mimi niko upande wa Kilombero, huku ni mpunga. Nachangia kama mwanamke maana naona mnatujadili bila sisi kuwepo.

Kaka Msomi umesema kweli kuhusu mahali pa kuficha hela lakini umeruka kitu kimoja, laini ni ya nani. Mimi laini yangu ilisajiliwa kwa jina la shemeji yangu kwasababu sikuwa na kitambulisho. Januari 2020 walipozima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ikazimwa na elfu 85 yangu ndani. Hiyo hela ilikuwa mtaji wa mchele na maharage, nilikuwa nawapikia vibarua wa mavuno. Kuipata ilibidi shemeji aende mwenyewe, na shemeji alitaka chake. Wanawake wengi huku waliendesha biashara zao juu ya majina ya wanaume bila kujua mpaka siku ile.

Baada ya hapo nikapata NIDA, tukaunda kikundi tuko 22, tunaweka kwenye M-Koba, akiba ya kikundi ya kwenye simu. Hapo nasifu. Zamani tulikuwa na sanduku la VICOBA lenye kufuli tatu, na bado mweka hazina mmoja aliondoka nalo mpaka leo hatujui kama alilifungua kwa msumeno au vipi. Sasa hela ikitoka simu zote zinalia meseji. Nimekopa humo mara tatu, mara ya tatu laki 4, nikanunua sufuria kubwa mbili, jiko la mkaa na turubai. Msimu wa mavuno nalisha watu 40 mpaka 50 kwa siku, nimeajiri mabinti wawili. Msimu ukiisha nauza vitumbua tu asubuhi na mabinti nawaaga. Kwahiyo kaka Droo Kavu hata huku ni hivyo hivyo, shamba likilala na sisi tunalala.

Droo Kavu

Dada yangu pole na hongera. Hiyo ya laini nimeishuhudia hapa. Kuna bibi alikuja na simu asubuhi ile ananiambia mjukuu wangu nipe hela zangu, namwambia bibi laini haipo tena hewani, ananiambia lakini simu si hii hapa ninayo.

Mwana Mwingi

Habari ndugu zangu, mimi ni Mkenya kutoka Mwingi, Kitui. Nimependa hii mambo ya kuweka na kutoa, hapa kwetu tunaita ajenti na ni vile vile, ajenti wa mashambani hukosa keshi.

Sisi tulianza mapema, M-Pesa iliingia Machi 2007. Hapa kwetu ni ndengu na mbuzi, mvua ikikataa hakuna kitu. Kwa hivyo watu wengi huwa na kazi ya pili, kuvuna mchanga, boda, kuchoma makaa, wengine wanaenda Nairobi kwa mjengo. Kitu simu ilibadilisha ni hii, zamani mtu akienda Nairobi bibi yake (yaani mke) anabaki akingojea mwisho wa mwezi, sasa anatumiwa mia mbili za Kenya leo, mia tatu kesho kutwa. Na ile kidogo kidogo ndio imefungua vibanda. Huwezi kufungua kibanda cha mandazi mahali watu wanalipwa mara moja kwa mwezi. Mahali pesa inaingia kila siku, hata kama ni kidogo, mandazi itauzika.

Shida ni madeni. Hapa mtu wa boda anaamka asubuhi na salio la chini ya sifuri, yaani kabla hajabeba mteja wa kwanza ako chini mia nne. Mteja wa kwanza, wa pili na wa tatu wanalipa deni la simu. Wa nne analipa petroli. Chakula ni kuanzia wa sita. Hiyo kazi tutaiita ya nani?

Kinyozi Mstaafu

Mwana Mwingi umenigusa kwenye kidonda, ngoja nitoe langu.

Nilikuwa na banda la kunyoa kijijini, wilaya ya Igunga. Paneli ya sola nilichukua kwa malipo ya kidogo kidogo kwa simu, nilimaliza vizuri kabisa, hilo halikuwa na tatizo, na nikawa nachaji na simu za watu kwa mia tatu tatu. Maisha yalikuwa yanaenda. 2023 betri ikafa. Nilihitaji kama laki na nusu. Nikaona tangazo la apu moja ya mikopo, haihitaji dhamana dakika tano hela inasoma. Nikaomba elfu 50 kama mwanzo. Iliyosoma ni elfu 34, nyingine wanasema ni makato ya huduma. Kurudisha ni elfu 50 kamili ndani ya siku saba. Sikurudisha kwa wakati. Nikakopa apu ya pili kulipa ya kwanza. Ya tatu kulipa ya pili.

Siku ya 20 na kitu wakaanza kutuma meseji kwa watu wote niliowahifadhi kwenye simu. WOTE. Mwenyekiti wa kijiji, mwalimu wa mwanangu, mama mkwe. Picha yangu na maandishi mekundu kwamba huyu ni tapeli anatafutwa. Mama mkwe hajui kusoma akampelekea katekista amsomee, katekista akasoma kwa sauti.

Wateja hawakuacha kuja, walizidi kuja ila walikuwa wanakuja kuniangalia. Mtu anakaa kwenye kiti namnyoa ananiuliza kwa upole, eti bado unatafutwa? Nikauza mashine, nikauza paneli ambayo nililipa mwaka mzima na nusu, nikamaliza deni nikarudi kwenye pamba. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotoa orodha ya apu 69 za mikopo zisizo na leseni nikasoma mstari kwa mstari kama matokeo ya mtihani. Mbili kati ya zangu zilikuwemo. Lakini paneli ilishaondoka.

Siti ya Dirishani

Mkuu nimecheka ya katekista halafu nimejisikia vibaya. Pole sana aisee.

Kitochi cha Babu

Sasa Msomi mhesabu huyu. Simu ilimtoa kwenye kilimo, simu hiyo hiyo ikamrudisha.

Msomi Asiye na Ofisi

Namhesabu na wala sikimbii. Ila tusichanganye. Huduma ya kutuma na kupokea hela ndo ile Suri na Jack waliipima. Mkopo wa haraka wa siku saba ni mnyama mwingine kavaa ngozi ile ile. Biashara ya kijijini inazunguka kwa msimu, alizeti inakamuliwa miezi mitano, pamba inauzwa mara moja, halafu unampa mtu deni la siku saba. Hata angekuwa mwaminifu kama malaika hesabu haikai. M-Koba ya dada inakaa kwasababu wenzake wanaujua msimu, wanajua mwezi wa pili hakuna mtu anadaiwa akalipa.

Na Droo Kavu, kipimo chako nakipenda ila kina tundu. Watu wakianza kulipana kwa lipa namba, au jamaa wa alizeti akilipwa moja kwa moja kwenye simu na akawalipa vijana wake kwa simu, hiyo hela haipiti kwenye droo yako kabisa. Utaona kuweka kumeshuka utasema kazi zimekufa kumbe zimeongezeka.

Droo Kavu

Msomi umenishika pabaya na nilikuwa naogopa mtu asije akalisema. Ni kweli. Tangu mwaka jana jamaa wa mashine kabandika lipa namba ukutani, madalali wanalipa humo. Anayoniletea jioni imepungua karibu nusu. Upande wake ni vizuri, halali na keshi ndani, huku watu walishavunjiwa. Upande wangu kipimo kinaniharibikia mkononi na kamisheni inaharibika pamoja nacho. Mwezi mzuri zamani nilikuwa nafunga laki mbili na nusu laini zote, mwezi uliopita, mwezi wa mavuno, nimefunga laki na sabini. Tunazungumzia ajira zinazoletwa na hela za simu, ya kwanza kuletwa ilikuwa ni hii yangu na ndo ya kwanza naiona inapungua.

Na kuna kitu sikukiandika juu. Nilikuwa na binti nimemuajiri, alianza 2019, mwepesi wa hesabu kuliko mimi. Tarehe 15 Julai 2021 tozo za serikali kwenye miamala zikaanza, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, juu ya makato ya kawaida. Mnakumbuka. Wiki ile kaunta ilinyamaza kama msibani. Mtu anauliza nikitoa elfu 30 nabaki na ngapi, namwambia, anaangalia simu, anaondoka nayo mfukoni. Watu wakarudi kwenye bahasha ya konda, hela inafungwa kwenye gazeti anapewa dereva wa Noah. Septemba wakapunguza asilimia 30, mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa mpaka 4,000, watu wakarudi taratibu. Ila mi nilishamwambia binti mwezi wa nane kwamba sina cha kumlipa.

Alirudi kwa baba yake akalima msimu mmoja, mvua zikagoma, akaenda Dodoma kazi za ndani, sahivi yuko kwenye mgahawa. Kila tarehe 5 hivi anatuma. Mama yake anakuja kutoa hapa hapa kwenye kaunta aliyokuwa anakaa mwanae, na mi naandika upande wa kulia.

Binti Mlimba

Kaka kwanini usimuite arudi sasa? Tozo si zilishushwa.

Droo Kavu

Nilimpigia dada, 2023. Akaniuliza utanilipa ngapi, nikamtajia. Akacheka, sio kwa dharau, akasema bosi hiyo naituma kwa mama kila mwezi na bado nabaki na yangu.

Mwana Mwingi

Hiyo ni ukweli mchungu. Hata huku, simu inafanya iwe rahisi mtu kwenda. Zamani ungebaki kwa sababu mama ako peke yake. Sasa unaenda kwa sababu unajua utatuma.

Kitochi cha Babu

Sasa hapo ndo nakubaliana na nyie kwa mara ya kwanza. Ajira nje ya kilimo imepatikana, ila nje ya kijiji pia.

Mgeni Mpya 77

Wakuu samahani kwa kuingilia, nimesoma uzi wote. Mi niko kijijini Manyoni huku nina mtaji laki 8, nilikuwa nataka nifungue uwakala, baada ya kusoma humu nimeogopa. Nifungue au niache?

Siti ya Dirishani

Umekuja kuuliza njia ya sokoni msibani mkuu

Droo Kavu

Mgeni usiogope ila usifungue uwakala mtupu. Fanya hivi. Kabla hujakodi fremu kaa siku tatu karibu na wakala aliyepo, jifanye unachaji simu, hesabu wanaoweka na wanaotoa. Kama ni kumi kwa mmoja ujue utakuwa dereva wa keshi sio wakala, laki 8 itaishia kwenye mafuta na kwenye hofu ya njiani. Kama kuna mashine ya kusaga au ya kukamua, mnada wa mifugo, au duka la jumla, nenda kaongee na mwenyewe kwanza, muulize jioni keshi yake anaipeleka wapi. Huyo ndo benki yako. Mpe heshima yake hata kama ana maneno.

Laki 8 igawe, usiweke yote kwenye laini. Laki 5 izungushe kwenye uwakala na iwe zaidi keshi kuliko floti, laki 3 weka kitu kingine ndani ya fremu hiyo hiyo, madaftari, vocha, mbegu msimu wa mbegu. Mimi nimeanza kuuza dawa za mifugo, faida ya kopo moja la dawa ya kupe inazidi kamisheni ya asubuhi nzima. Na ile meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" utaletewa na wateja kila wiki wakikuomba uwatumie, usitume mpaka mteja apige simu mbele yako asikie sauti ya ndugu yake.

Kuna swali la laini zipi uanze nazo, nitakujibu baadae, mama yake yule binti kafika hapa anataka kutoa laki na ishirini na droo ina elfu 40. Ngoja nimkimbilie jamaa wa alizeti.